Petroli ya foleni na hesabu ya bodaboda

Mwekezaji mdogo anayenunua bodaboda Dar es Salaam aghalabu hukadiria petroli kwa maneno ya muuzaji, ambayo ni ya mwendo usiokatizwa. Foleni ya Ubungo ni jambo jingine. Kila breki hupoteza nguvu iliyokwisha kulipiwa, na injini inayonguruma kwenye taa hula mafuta bila kusogea hata hatua.

Kipimo ni rahisi. Tangi lijazwe pomoni, kilomita ziandikwe, kisha lijazwe tena baada ya siku mbili. Kilomita 280 kwa lita 8 ni 35 kwa lita. Kwa lita 7 zingekuwa 40. Lita hiyo kwa kawaida humtoka dereva, si tajiri, na hesabu ya jioni huanza kupungua. Kabla ya kumlaumu dereva, upepo wa tairi na breki inayobana vikaguliwe.