SOMO: KURUDI KAZINI
Tuchague fedha, bidhaa au ufundi?



Katika somo hili tutazungumza juu ya msaada wa kumrudisha mtu kazini. Somo linawahusu walioumia vitani au njiani na waliozaliwa na ulemavu. Linawahusu pia wale walioacha shamba, duka au karakana yao ng'ambo ya Ruzizi, na sasa hawana cha kuanzia.

Mara nyingi mtu wa namna hiyo huitwa mbele ya meza, huonyeshwa orodha, kisha huambiwa achague: fedha, bidhaa, vyombo vya kazi au mafunzo. Hupewa muda mfupi wa kujibu. Jibu lake linaweza kuilisha nyumba yake miaka mingi, au linaweza kwisha lote kabla ya msimu wa pili wa mvua. Ni afadhali kufikiri mapema, kabla hujaitwa.

1. MSAADA HUU NI NINI?

Msaada wa kumrudisha mtu kazini ni huduma inayolipiwa na fedha za umma: kodi, michango ya waajiri au fedha za mataifa wafadhili. Shabaha yake ni kwamba mtu aliyepoteza njia ya kujipatia riziki aipate tena.

Msaada kamili husimama juu ya mafiga matatu:

Figa la kwanza ni mwili. Aliyekatwa mguu anahitaji mguu wa bandia au magongo, na mazoezi ya viungo. Asiyesikia anahitaji mwalimu anayejua lugha ya alama.

Figa la pili ni ufundi. Mtu hujifunza kazi mpya, au hujifunza kuifanya kazi yake ya zamani kwa namna nyingine.

Figa la tatu ni vyombo na soko. Fundi asiye na cherehani, au mwenye cherehani asiye na wateja, bado hana kazi.

Pia kuna posho, yaani chakula au fedha kidogo za kumtunza mtu na watoto wake wakati anajifunza. Posho ni kama kuni chini ya chungu. Mafiga yanaweza kuwa matatu, lakini bila kuni chungu hakichemki. Utaona mbele kwamba mipango mingi ilishindwa hapo.

2. MSAADA HUU ULIBADILIKA VIPI?

Zamani, aliyeumia alitunzwa na ndugu zake, au na misheni, au aliomba barabarani. Mwaka 1955 Shirika la Kazi Duniani lilitoa mapendekezo kwa nchi zote kwamba mwenye ulemavu asaidiwe kupata kazi inayomfaa, asiachiwe sadaka tu. Tangu hapo tunaona mabadiliko manne katika nchi zetu.

Badiliko la kwanza: vituo maalumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kenya ilifungua kituo cha mafunzo ya namna hii Nairobi, na Tanzania ikafungua chuo cha Yombo, Dar es Salaam. Watu walijifunza kushona, useremala na kazi za chuma. Faida ilikuwa kubwa kwa walioingia. Lakini nafasi zilikuwa chache, na wengi waliporudi kijijini walikosa vyombo vya kazi.

Badiliko la pili: sheria za kuajiri. Mwaka 1982 Tanzania ilitunga sheria kwamba mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi aajiri wenye ulemavu asilimia 2. Mwaka 2010 sheria mpya ilisema asilimia 3, kuanzia mwajiri mwenye wafanyakazi 20. Sheria kama hii humsaidia anayetafuta kazi ya mshahara. Mkulima na mchuuzi haiwafikii.

Badiliko la tatu: kujifunza pamoja na wengine. Mwaka 2006 Umoja wa Mataifa ulipitisha mkataba wa haki za watu wenye ulemavu. Mkataba huo unataka mafunzo ya ufundi ya kawaida yafunguliwe kwa wote, mwenye ulemavu asitengwe mahali pake peke yake. Burundi iliuridhia mwaka 2014, na tarehe 10 Januari 2018 ikatunga sheria yake ya kulinda haki hizo.

Badiliko la nne: fedha na mikopo midogo. Tanzania, kwa sheria ya mwaka 2018, iliagiza kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, kisha ikarejeshwa mwaka 2024. Hapa Burundi, mwaka 2020 ilianzishwa benki ya uwekezaji kwa vijana, BIJE. Kabla yake, mwaka 2016, uliidhinishwa mradi wa Merankabandi wa kuzipa kaya maskini fedha taslimu.

Kwa kifupi: zamani serikali ilimpa mtu kitanda kituoni na mwalimu. Siku hizi, mara nyingi humpa fedha au mkopo na kumwachia achague mwenyewe. Uhuru umeongezeka, na mzigo wa kuchagua vizuri umehamia kwako.

3. TUJIFUNZE KWA WALIOTUTANGULIA BURUNDI

Burundi yenyewe ilipita katika jaribio kubwa la namna hii. Baada ya vita vilivyoanza 1993, mapatano ya amani yalitiwa sahihi Arusha tarehe 28 Agosti 2000. Desemba 2004 serikali ilianza kuwarudisha wapiganaji katika maisha ya raia, kwa fedha za Benki ya Dunia na nchi wafadhili. Zaidi ya watu 20,000 walipitia mpango huo.

Kila mtu mzima alipewa kwanza fedha za kuanzia, zilizohesabiwa kama mshahara wa miezi 18 kwa kadiri ya cheo chake. Baadaye alipewa msaada wa pili wa thamani ya faranga 600,000. Wakati ule dola moja ya Marekani ilikuwa zaidi kidogo ya faranga 1,000. Msaada huo wa pili haukuwa fedha mkononi. Alitakiwa kuchagua njia moja kati ya tano: kurudi kwa mwajiri wake wa zamani, kurudi shuleni, kujifunza ufundi, kusaidiwa kupanua biashara, au kupewa bidhaa na vifaa vya kuanzisha kazi ndogo ya kipato.

Walichagua nini? Wengi sana walichagua njia ya mwisho, hasa bidhaa za kuuza. Waliochagua ufundi walikuwa wachache.

Tusiwacheke. Walikuwa na sababu. Aliyechagua ufundi alitumia fungu lake kulipia mafunzo, na watoto wake walihitaji kula siku hiyohiyo. Tena bidhaa zenyewe zilichelewa. Wengi walipokea fedha za kwanza, zikatumika kwa nyumba, ndoa, madeni na chakula, na msaada wa pili ukaja baadaye sana. Wapo waliozipokea bidhaa na kuziuza papo hapo kwa wafanyabiashara wakubwa, kwa bei ya chini kuliko thamani yake. Wapo pia waliofaulu: walioungana kwa vikundi, na waliofanya biashara waliyoijua kabla ya vita.

Watoto waliokuwa na makundi yenye silaha, karibu 3,000, walikuwa na mpango wao. Familia zilizowapokea zilisaidiwa kwa muda, na watoto wakarudi shuleni au wakajifunza ufundi. Angalia tofauti: hapa posho ilikwenda pamoja na mafunzo.

Kuna somo jingine kutoka Bujumbura. Tarehe 27 Januari 2013 soko kuu la mji liliungua. Wafanyabiashara wengi walipoteza mtaji wote kwa siku moja, na baadhi walikuwa na madeni ya benki. Bidhaa huungua, huibwa na huoza. Ufundi hukaa na mwenyewe: aliyepoteza cherehani yake anaweza kushonea kwenye ya mwenzake mpaka anunue nyingine.

4. TUFANYE HESABU

Namba hizi ni za zoezi tu. Weka zako mwenyewe.

Tuseme nyumba yako inatumia faranga 5,000 kwa siku. Umepewa bidhaa za faranga 300,000, na biashara inaleta faida ya faranga 3,000 kwa siku. Kila siku unapunguza mtaji kwa faranga 2,000. Gawanya 300,000 kwa 2,000: utapata siku 150. Baada ya miezi mitano duka limekwisha, ingawa hukuiba na hukulewa.

Sasa tuseme umechagua mafunzo ya miezi sita, na mgao pamoja na kazi ya wengine nyumbani vinaleta faranga 3,000 kwa siku. Upungufu ni 2,000 kila siku. Kwa siku 180 utakuwa na deni la faranga 360,000 kabla hujashona shati la kwanza la mteja.

Kwa hiyo ufundi peke yake si jibu, wala bidhaa peke yake si jibu. Mtu anayeitwa mezani asiulize tu, "Mnatoa nini?" Aulize pia, "Wakati najifunza, nyumba itakula nini? Nikimaliza, nitapata vyombo? Nani atanunua?" Kama hakuna posho, omba mafunzo ya nusu siku, au kujifunza kwa fundi aliye sokoni, ambako unaweza kupata kitu kidogo unapojifunza.

5. HAKI ZAKO UKIUMIA KAZINI

Wengine wamepata vibarua au ajira nje ya kambi. Jueni jambo hili.

Burundi ina shirika la hifadhi ya jamii, INSS, lenye makao makuu Bujumbura. Mwajiri analazimika kumwandikisha mfanyakazi wake. Mchango wa ajali na magonjwa ya kazini hulipwa na mwajiri peke yake. Haukatwi kwenye mshahara. Ukiumia kazini, bima hiyo ndiyo ya matibabu, ya siku usizoweza kufanya kazi, na ya ulemavu unaobaki.

Je, mkimbizi naye? Mkataba wa wakimbizi wa mwaka 1951, ambao Burundi ilijiunga nao mwaka 1963, unasema katika kifungu cha 24 kwamba mkimbizi anayekaa nchini kwa halali atendewe kama raia katika hifadhi ya jamii, pamoja na fidia ya ajali za kazini. Shida ni kwamba kibarua asiye na mkataba wala kuandikishwa hana cha kuonyesha. Kwa hiyo omba mkataba wa maandishi, hata wa ukurasa mmoja. Ukiumia, mwambie mwajiri siku hiyohiyo mbele ya shahidi, nenda kwa mganga, na umwombe aandike kwamba uliumia kazini.

Kwa mguu au mkono wa bandia, Gitega kuna kituo cha taifa cha mazoezi ya viungo na vifaa hivyo. Usifunge safari peke yako. Anzia zahanati ya kambi, upewe barua ya rufaa, kisha uombe ruhusa ya kutoka kambini kwa ofisi ya ONPRA. Tena, kuandikishwa kwa msaada hakulipiwi. Anayedai fedha ili aweke jina lako katika orodha, mpelekee habari zake mtumishi wa ulinzi.

6. MAMBO YA KUKUMBUKA

- Chagua kazi unayoijua, au ambayo umekaa na fundi wake angalau wiki moja ukiangalia.
- Kabla ya kuchagua, hesabu ni watu wangapi kambini na kijijini wanafanya kazi hiyo tayari. Cherehani kumi mtaa mmoja zitakosa nguo.
- Mume na mke wachague pamoja. Msaada ni wa nyumba nzima.
- Usiuze vyombo vya kazi ili ununue chakula kabla hujazungumza na mtumishi wa jamii. Huenda upo msaada mwingine wa dharura.
- Tunza karatasi zako: kitambulisho, cheti cha mganga, cheti cha ufundi, mkataba. Zifunge katika mfuko wa plastiki. Cheti ulichokipata Kongo nacho kilete.
- Mwenye ulemavu asijifiche. Asiyeandikwa katika orodha hahesabiwi katika bajeti.

7. MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini wapiganaji wengi wa zamani walichagua bidhaa kuliko ufundi? Wewe ungechagua nini, na kwa nini?
2. Katika mtaa wetu, ni figa lipi linalokosekana zaidi: mwili, ufundi, au vyombo na soko?
3. Mama mwenye watoto wanne na mguu mmoja amepewa nafasi ya kujifunza kushona kwa miezi sita. Majirani wanaweza kufanya nini ili amalize?
4. Kila mtu afanye hesabu ya sehemu ya 4 kwa namba za nyumba yake. Asiyejua kuandika asaidiwe na jirani yake.

Majibu ya swali la 2 na la 3 yaandikwe na karani wa mtaa, yaletwe kwenye mkutano wa kamati. Orodha ya mafunzo hupangwa na watu wa ofisini. Wasipojua mtaa wenu unakosa nini, watapanga kwa kukisia.