Hedifoni Kongwe Iliyoonekana Kashani: Irudishwe Ilivyokuwa au Igeuzwe?

Nyumba za Mji Mkongwe hutunza vitu vingi kuliko wenyewe wanavyojua. Kasha linapofunguliwa ili kupisha matengenezo ya dari, au chumba cha marehemu kinapopangwa upya, huonekana kanda za taarabu, redio iliyonyamaza, na mara nyingine hedifoni nzito ya miaka ya 1960 au 1970. Mmoja katika familia hutaka irudishwe ilivyokuwa; mwengine hutaka igeuzwe itumike na simu. Tunaeleza hapa namna ya kuamua kabla fedha haijatoka mfukoni na kabla bisibisi haijagusa kitu.

Jambo la kwanza ni kujua kama imekufa kweli. Wengi huichomeka kwenye simu, husikia sauti hafifu, wakahukumu kuwa imekwisha. Huo si ushahidi. Hedifoni nyingi zinazouzwa leo kwa ajili ya simu zina ukinzani wa omu 16 hadi 32. Za zamani zilitengenezwa kwa ajili ya redio kubwa na mashine za kanda, na baadhi yake zina ukinzani mkubwa mno. Sennheiser HD 414, hedifoni ya Ujerumani yenye sponji za manjano iliyotoka mwaka 1968, ilikuwa na omu 2,000 katika toleo lake la awali. Simu haina volti za kutosha kuisukuma. Hedifoni hiyo hiyo ikichomekwa kwenye tundu lake katika amplifaya au dekki ya zamani, huenda ikasema vizuri kabisa. Mtumiaji aliyeitupa, au aliyelipa ili ibadilishwe spika, amepoteza kitu kizima.

Kwa hiyo mwombe fundi apime kila upande kwa mita kabla ya kutaja bei. Vipimo vya pande mbili vikikaribiana, spika zake zina matumaini. Upande mmoja usipoonesha chochote, mara nyingi waya umekatika karibu na plagi au pale unapoingia kwenye sikio la hedifoni, na kazi ya kuuunga ni ndogo. Uzi mwembamba wa koili ndani ya spika ukiwa ndio uliokatika, hapo kazi ni ngumu kweli, na fundi mwaminifu atakwambia.

Hewa ya Unguja, yenye unyevu na chumvi, ina hukumu yake pia. Sponji hugeuka unga, ngozi bandia hubanduka, shaba ya waya huota ukijani. Haya hutisha macho kuliko yanavyostahiki, kwa kuwa sponji, mito na waya ni sehemu zinazochakaa kwanza na zinazobadilishika. Toa unga wa sponji kwa vidole taratibu, spika ikitazama chini, wala usioshe kwa maji.

Baada ya hapo ndipo swali la kurudisha au kugeuza linapokuwa na maana, na kipimo tunachokipendekeza ni kimoja: je, kitakachofanywa kinaweza kutenduliwa? Wakaazi wa Mji Mkongwe wanaijua hoja hii kwa kuta zao. Ukuta wa mawe ya matumbawe uliojengwa kwa chokaa hupitisha unyevu; ukipigwa lipu ya saruji, unyevu hufungiwa ndani, na siku ya kuibandua saruji hiyo hutoka pamoja na jiwe. Kubadilisha sponji kunatendulika. Kununua kiunganishi cha kutoka plagi nene ya milimita 6.3 hadi tundu la milimita 3.5 hakugusi chochote. Kuikata plagi ya asili si jambo kubwa, ila tunashauri ihifadhiwe. Kutoboa ganda, kukata utepe wa kichwani na kutupa spika za asili hakurudi nyuma.

Mageuzi yanayotakiwa zaidi ni kuitia Bluetooth, na hapa tungependa msomaji awe mwangalifu. Saketi ndogo za Bluetooth huendesha spika za ukinzani mdogo. Zikiunganishwa na spika ya omu 600 au 2,000, sauti hutoka dhaifu. Ili kuficha udhaifu huo, baadhi ya mafundi hung'oa spika za asili na kuweka za bei nafuu. Mteja hurudi nyumbani na ganda la mwaka 1970 lenye sauti ya hedifoni aliyoweza kuinunua mpya Darajani, tena pengine kwa fedha pungufu. Isitoshe, betri ya lithiamu huwekwa ndani ya ganda ambalo halikutengenezwa kuibeba, karibu na sikio.

Hatusemi kugeuza ni kosa. Spika zote mbili zikiwa zimekufa na nyengine za aina yake hazipatikani, ganda lenye kazi ni bora kuliko ganda lililolala kashani. Wala si kila kitu cha zamani ni tunu. Vingine ni vya zamani tu.

Lakini kama hedifoni ilikuwa ya marehemu na mirathi haijagawiwa, ni mali ya warithi wote. Kijana aliyeiona asiipeleke ikageuzwe kabla hawajakubaliana. Kuisafisha na kuihifadhi pakavu kunatosha kwa sasa.

Unapoikabidhi kwa fundi, andikianeni. Karatasi itaje aina ya hedifoni na namba yake kama ipo, kazi iliyokubaliwa, bei, na siku ya kuichukua. Itamke kuwa hakuna sehemu itakayobadilishwa bila ya idhini yako, na kwamba sehemu zote zitakazotolewa utarejeshewa mkononi. Ipige picha nje na, fundi akiifungua, ndani. Siku ya kuichukua, isikilize pale pale, pande zote mbili, kwa chombo kilekile utakachokitumia nyumbani, kisha ulipe na udai risiti. Patakapotokea mzozo usiomalizika baina yenu, tuletee karatasi hiyo, risiti, picha, na hedifoni yenyewe kabla hujampa fundi mwengine aifungue.