Hedhi Inaaga, Viungo Vinalia: Anza na Dagaa

Wadogo zangu wa Kirumba, Igogo, Nyegezi hadi kule Ukerewe, leo tuongee lile mnaloninong'oneza pembeni: tangu siku zenu zianze kurukaruka, mwili mzima unauma. Asubuhi vidole havikunjiki, magoti yanalia ukipanda mawe ya Mabatini, usiku nyonga zinawaka. Na hamsemi, kwa sababu ukisema utaambiwa umezeeka, au umerogwa.

Hujarogwa, mdogo wangu. Wengi wetu tunapita hapo kati ya miaka 45 na 55. Homoni ya estrojeni inashuka, na kazi yake haikuwa kushika mimba tu. Ilikuwa inalinda mifupa na kutuliza viungo. Ikipungua, viungo vinakakamaa na mifupa inapoteza uimara. Ukikaa miezi 12 mfululizo bila kuona damu, na huna mimba wala hutumii uzazi wa mpango unaoizuia, hapo ndipo hedhi huhesabiwa imekoma.

Sasa dawa. Najua mlitarajia nianze na mizizi. Naanza na dagaa. Mwanamke aliyevuka miaka 50 anashauriwa kupata takriban miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku, na sisi wa kanda ya ziwa tuna samaki anayeliwa na miba yake yote. Minofu ya sangara ni mitamu, lakini kalsiamu imebaki kwenye mifupa uliyotupa. Ukienda soko la Mwaloni chagua dagaa walioanikwa kwenye chanja. Wa mchangani watakumaliza meno. Waloweke kwenye maji ya moto, wasuuze mara mbili tatu, kisha waunge na nyanya na karanga. Mkono wa chumvi uwe mwepesi, maana umri huu presha nayo inavizia. Kikombe cha mtindi pembeni, na Usukumani hakuna wa kutufundisha mtindi.

Tangawizi na manjano? Tumia, ila usitarajie miujiza. Kipande cha tangawizi kilichopondwa kwenye chai, manjano kwenye mboga pamoja na pilipili manga kidogo ili mwili uyafyonze vizuri. Wako wanaopata nafuu ya magoti, wako wasioona tofauti. Mwenye vidonda vya tumbo aende taratibu, na anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda amuulize daktari kwanza.

Kukanda kwa maji ya moto ndiko ninakokuamini zaidi, na ni bure. Taulo lililokamuliwa, mgongoni au gotini, dakika 15 kabla ya kulala. Lisiwe la kubabua. Lakini usishuke ziwani kuloweka miguu eti maji yanatuliza. Minyoo ya kichocho inapenya ngozi hata isiyo na mchubuko.

Mazoezi nayo yanategemea wewe ni nani. Mama anayeshinda ameketi dukani ninamwambia atembee, apande kilima cha Bugando polepole jioni, mifupa inapenda kubeba uzito. Mama anayebeba ndoo za dagaa tangu alfajiri nikimwambia hivyo atanicheka, na ana haki. Huyo dawa yake ni kugawa mzigo mara mbili, kupiga magoti badala ya kuinamisha mgongo, na kupumzika saa moja mchana bila kuona aibu.

Usingizi je? Ukikatika usingizi kwa jasho la usiku, kesho yake maumivu yanazidi. Lalia khanga ya pamba, weka maji ya kujipangusa karibu. Joto likipanda wengi mnasukuma chandarua pembeni. Kanda hii ina malaria, mkifanya hivyo mtaumwa mwili kwa sababu nyingine kabisa! Ndiyo maana kama maumivu yamekuja na homa, kapime malaria kabla ya kulaumu umri.

Zile chupa zinazotangazwa kwa kipaza sauti stendi, mimi sizigusi. Dawa ya majani inayofuta maumivu ndani ya saa moja itilie shaka, kuna wauzaji wanaosagia humo vidonge vya hospitali bila kusema. Tiba asili ina sheria yake nchini tangu 2002 na Baraza lake linalosajili waganga, kwa hiyo muulize mganga usajili wake bila haya. Na diklofenaki ya duka la dawa kila siku, kwa miezi, inachoma tumbo na kuumiza figo.

Kiungo kimoja kikivimba na kuwa cha moto, au ukivunjika mkono kwa kujikwaa kidogo tu, nenda hospitali ya Sekou Toure au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Joto na jasho vikikushinda, uliza pia kuhusu tiba ya homoni; haimfai kila mtu, lakini ipo, na daktari ndiye wa kupima kama inakufaa. Na wewe ambaye hedhi ilikata mwaka mzima, kisha ukaona damu tena, hata tone moja, hapo usichemshe mzizi wowote. Nenda ukachunguzwe wiki hiyohiyo.