Abaayo, mionzi ya kuogopa iko juu ya utosi wako

Wadogo zangu wa Garissa, Wajir na Mandera, mnaniuliza sana kuhusu mnara wa simu na picha ya X-ray. Mnara usiwanyime usingizi. Mawimbi yake ni dhaifu. Na picha moja ya kifua inakupa mionzi inayokaribia ile unayopata kwa siku kumi hivi kutoka ardhini na angani, kwa hivyo daktari akishuku TB, usikimbie. Ila kama siku zako zimechelewa, mwambie mpigaji picha kabla hajaanza. Mama mkwe akiwa amesimama hapo, mvute mpigaji picha kando umnong'oneze.

Leo nataka tuzungumzie jua. Mstari wa ikweta unapita kaunti ya Garissa, na mwezi wa tatu na wa tisa jua la adhuhuri hutusimamia utosini kabisa. Lina mionzi isiyoonekana inayochoma ngozi na kuharibu macho, na mawingu hayaizuii yote. Tazama kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko wewe, tafuta mti au kibanda. Kwetu hiyo ni kama saa tatu asubuhi hadi saa tisa.

Jilbab yako inakukinga vizuri, mradi kitambaa kisiwe chepesi cha kupitisha mwanga. Kinachobaki wazi ni uso, macho na viganja. Nawafikiria kina mama wa maziwa ya ngamia, wameketi kando ya madumu yao barabarani, macho yamefinywa mchana kutwa. Mwavuli mkubwa ni mtaji kama dumu lenyewe. Ukinunua miwani, tafuta iliyoandikwa UV400. Miwani nyeusi isiyo na kinga inafanya mboni ipanuke, na mionzi iingie zaidi.

Sasa krimu za kung'arisha. Hapa nitasema kwa ukali kwa sababu nawapenda. Nimekaa na msichana kwenye harusi, mashavu yake mekundu kama aliyeungua, vifundo vya vidole vimebaki vyeusi, na hata chini ya hema la kivuli alikuwa akijifunika uso kwa garbasaar. Ule weusi wa ngozi ndio ngao tuliyopewa dhidi ya jua hili. Krimu inauondoa, kisha unatoka nje saa sita bila ngao. Nyingine zina zebaki, inayodhuru figo, na mtoto tumboni pia. Kenya imepiga marufuku krimu zenye zebaki na haidrokwinoni, lakini bado zinauzwa sokoni. Ukiona neno linaloanza na "mercur", au kopo lisilo na maandishi yoyote, rudisha. Mchumba anayetaka uwe mweupe kwanza, mwache aendelee kutafuta.

Qasil na huruud pakeni, ni urembo wetu, lakini msizitegemee kama kinga ya jua.

Na kama nyumbani kuna mtoto mwenye ualbino, asichunge mbuzi mchana. Avae kofia pana na mikono mirefu, na mwalimu amkalishe mbali na dirisha lenye jua. Mwandikisheni kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo hutoa losheni ya kukinga jua bila malipo. Losheni hiyo ni yake peke yake, dada zake wasiigawane. Akipata kidonda usoni au sikioni kisichopona mwezi mzima, mpelekeni hospitali wiki hiyo hiyo.