Joto la Shaba na Maganda ya Sokoni

Madini ya shaba yanayopatikana kwa wingi zaidi duniani huitwa kalkopiraiti. Ndani yake, kila atomu moja ya shaba imeshikana na atomu moja ya chuma na mbili za salfa. Ukipiga hesabu ya uzito utakuta kwamba kila kilo ya shaba huja na takriban kilo nzima ya salfa. Anayeitaka shaba hana budi kuamua salfa hiyo itakwenda wapi, kwa kuwa atomu haziangamii kwa kuchomwa. Zinaachana na kushikana upya tu. Salfa ikichomwa hushikana na oksijeni na kuwa dioksidi ya salfa, gesi inayowasha koo, na ikiachwa ipae hurudi ardhini kama mvua ya asidi.

Hamburg, bandari kubwa kuliko zote za Ujerumani, ina kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Aurubis kando ya mto Elbe, si mbali na katikati ya jiji. Huko gesi ile hukamatwa. Hupitishwa kwenye kichocheo chenye vanadi ili ipokee oksijeni zaidi, kisha humezwa ndani ya asidi kali na kuongeza asidi nyingine: asidi ya salfuriki, ambayo duniani hutumika zaidi kutengenezea mbolea.

Wasomaji wa Dar es Salaam na Lubumbashi wanaijua salfa kwa upande wake wa pili. Meli hushusha salfa ya manjano bandarini Dar es Salaam, na malori huipeleka Katanga. Huko sehemu kubwa ya mawe ya shaba yameshikana na oksijeni badala ya salfa, kwa hiyo shaba yake hutolewa kwa kuyalowesha mawe katika asidi, na asidi hiyo hutengenezwa kwa salfa iliyonunuliwa. Kitu kile kile ni mzigo wa kuondolewa mahali pamoja, na bidhaa ya kusafirishwa maelfu ya kilomita mahali pengine.

Sasa tuje kwenye joto. Dioksidi ya salfa inapopokea oksijeni, na tena inapogeuka asidi, nishati hutoka. Nimepiga hesabu kwa takwimu za kawaida za kemia: kilo moja ya salfa katika hatua hizo mbili hutoa takriban megajuli 7. Kama joto lote hilo lingekamatwa, lingetosha kuchukua zaidi ya lita 20 za maji kutoka nyuzi 30 hadi kuchemka. Hayo ni kwa kilo moja ya shaba, na kiwanda kama kile huzalisha shaba kwa mamia ya maelfu ya tani kwa mwaka.

Kwa miaka mingi joto hilo liliishia kwenye maji ya kupozea. Si kwa ujinga wa mafundi. Nishati haipotei, lakini ina daraja, na daraja lake ni nyuzi za joto. Chukua ndoo ya lita 20 yenye maji ya nyuzi 35 na sufuria ya lita moja ya maji yanayochemka, chumbani penye nyuzi 30. Ndoo imebeba joto jingi la ziada kuliko sufuria: 20 mara 5 ni 100, na 1 mara 70 ni 70. Hata hivyo, yai litaiva kwenye sufuria, na kwenye ndoo halitaiva hata likikaa mwaka mzima. Joto huelekea penye baridi zaidi, na likishatawanyika, kulirudisha juu kunadai nishati nyingine.

Vivyo hivyo, maji ya uvuguvugu hayafai kupasha nyumba moto kwa mtandao wa mabomba yanayosambaza maji ya moto mjini. Kilichofanyika Hamburg ni kurudi mwanzoni mwa mchakato: sehemu ya mtambo wa asidi ilibadilishwa ili ifanye kazi ikiwa ya moto zaidi, jambo gumu, maana asidi ya moto hula vyuma. Maji yakaanza kutoka yakiwa na takriban nyuzi 90, na tangu mwishoni mwa 2018 yanapasha moto majengo ya mashariki mwa mtaa wa HafenCity. Baadaye mradi ulipanuliwa hadi mtandao mkuu wa jiji. Hakuna nishati mpya iliyozaliwa. Walichofanya ni kulizuia joto lisishuke daraja kabla ya kutumika, na kwangu hilo ndilo somo kubwa kuliko bomba lenyewe.

Vitu navyo vina daraja, nalo ni usafi wa kutochanganyika. Shaba ya waya uliochakaa ikisafishwa kwa umeme hurudi kuwa shaba ya asilimia 99.99, sawa na iliyotoka mgodini leo. Lakini shaba iliyotapakaa kidogo kidogo kwenye lundo la plastiki, chakula na vioo iko pale pale atomu kwa atomu, na bado hakuna atakayeimudu gharama ya kuikusanya.

Hamburg na Dar es Salaam ni miji dada tangu 2010, na ushirikiano huo umezaa kituo cha mboji cha Mabwepande, Kinondoni, kinachopokea taka za masokoni. Maganda ya ndizi, majani ya kabichi na nyanya zilizooza vikirundikwa vikapata hewa na unyevu, bakteria huvila na kutoa kaboni dioksidi, maji na joto. Rundo hupanda hadi nyuzi 55 au 65, kiasi cha kuua vimelea vingi na mbegu za magugu. Taka hizo hizo zikifukiwa dampo bila hewa hutoa methani, gesi ambayo kilo yake hupasha dunia joto takriban mara 28 kuliko kilo ya kaboni dioksidi kwa kipindi cha miaka 100.

Bakteria, hata hivyo, hawana uwezo juu ya risasi ya betri wala kipande cha kioo vilivyochanganyika na maganda. Kwa kuwa sehemu kubwa ya maganda huondoka kama gesi na mvuke, rundo hupungua uzito huku risasi ikibaki yote, kwa hiyo mboji huwa na risasi nyingi zaidi kwa kila kilo kuliko taka zilivyokuwa. Mkulima akiimwaga mboji hiyo shambani, ameipanda risasi.

Kabla ya kutafuta mtambo mwingine, manispaa za Dar es Salaam, Tanga na Mombasa ziweke mapipa mawili kwenye kila kizimba cha soko, moja la maganda na moja la vingine vyote, na zihakikishe gari linalokuja kuyazoa haliyamwagi pamoja.