Kifaranga Aliyedonolewa na Wenzake: Namna ya Kumponya

Siku ya Jumapili soko la Kibuye, lililo kando ya barabara itokayo Kisumu kwenda Kakamega, hujaa watu tangu asubuhi. Huko huuzwa nguo, nafaka, vyombo, mbao, omena na kuku. Mama wa Nyalenda au mzee atokaye Kano hununua vifaranga wake, huwatia katika tenga, na kurudi nao nyumbani mwenye matumaini. Hao watakuwa mitetea, mitetea watataga, na mayai yatasaidia kulipa karo ya mtoto. Jioni huwaachilia katika kibanda kimoja pamoja na kuku aliokuwa nao tangu zamani. Alfajiri afunguapo mlango huona jambo la kusikitisha: kifaranga mmoja amejikunyata pembeni, ngozi ya kichwa imechubuka, damu imeganda mgongoni, na wenzake bado wamfuata wakimdonoa.

Wengi husema, "Huyo ni wa kufa," wakamwacha hapo hapo. Kusema hivyo ni kosa. Ngozi ya kuku hupona vizuri, na kifaranga aliyechunwa mgongo aweza kuwa kuku mzima kama wengine. Mara nyingi kinachomwua si kidonda chenyewe, bali ni mambo matatu yafuatayo kidonda: kudonolewa tena, baridi, na mainzi. Mwenye kuku akiyazuia hayo matatu, amekwisha fanya sehemu kubwa ya uganga.

KWA NINI KUKU HUDONOANA

Wahenga walisema kwamba kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kuku wana vyeo vyao. Mwaka 1922 mtaalamu wa Norway, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyekuwa akiwatazama kuku tangu utoto wake, alichapisha maandishi yaliyoeleza kwamba katika kila kundi yuko kuku awadonoaye wengine wote, na yuko yule wa chini kabisa adonolewaye na wote. Mgeni aingiapo, vyeo hivyo huanza kugombaniwa upya. Kuku wakubwa huumizana kidogo, kisha hutulia. Lakini kifaranga mchanga hana nguvu za kupigana wala mahali pa kukimbilia.

Tena liko jambo la pili, ambalo ni baya zaidi. Kuku huvutwa sana na rangi nyekundu. Doa moja la damu likionekana, hata vifaranga wapole huja kulidonoa, na wakiisha kuionja damu huizoea. Kwa hiyo kifaranga mmoja akiachwa na jeraha ndani ya kundi, kesho waweza kuwakuta watatu.

YA KUFANYA MARA MOJA

Usingoje mpaka umalize kazi nyingine. Mtoe kifaranga katika kundi saa ile ile. Mtie katika boksi la karatasi ngumu lenye matundu ya hewa, na chini tandika kitambaa safi. Usitandike gazeti tupu, kwa maana miguu yake itateleza.

Ikiwa damu bado yatoka, bonyeza taratibu kwa kitambaa safi muda wa dakika tano bila kuinua-inua kutazama. Ikiisha kukoma, chemsha maji, uyaache yapoe yawe vuguvugu, kisha katika nusu lita koroga kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kisichojaa kilele. Kwa maji hayo osha kidonda polepole, ukitoa uchafu, manyoya yaliyogandamana na damu iliyokauka. Mkaushe vizuri, kwa sababu kifaranga aliyelowa hushikwa na baridi upesi. Kisha paka aidini kidogo iliyozimuliwa kwa maji, nawe uangalie isimwingie machoni. Nawa mikono yako kwa sabuni kabla ya kazi hii na baada yake.

Yako mambo ambayo haifai kuyafanya hata kidogo. Usipake mafuta ya taa, wala oili chafu ya motokaa, wala majivu, wala pilipili. Vitu hivi huunguza nyama au huingiza uchafu. Ile dawa ya zambarau, iliyopakwa na wengi kwa kuwa huficha rangi ya damu, imekatazwa katika nchi kadhaa kwa wanyama waliwao na watu. Basi usiitumie bila kumwuliza daktari wa mifugo.

JOTO, MAJI NA CHAKULA

Kifaranga wa wiki ya kwanza hutaka joto la digri 35 hivi za Sentigredi, na kila wiki hupunguzwa karibu digri 3. Aliyejeruhiwa asikose joto hilo, hasa usiku upepo wa ziwani uvumapo baada ya mvua. Jaza chupa maji ya moto, ifunge kwa kitambaa, uiweke upande mmoja wa boksi, ili akiona joto limezidi aweze kusogea upande wa pili. Akijikunyata na kulia, ana baridi. Akitanua mabawa na kuhema, amezidiwa na joto. Jiko la makaa lisiwekwe katika chumba kilichofungwa, maana hewa yake huua kifaranga na mwenye kuku pia.

Mpe maji vuguvugu yenye sukari kidogo kwa siku ya kwanza. Chovya ncha ya mdomo wake tu, aonje mwenyewe. Usimmiminie kooni, yasije yakaingia katika njia ya pumzi. Mpe chakula cha vifaranga kilicholainishwa kwa maji, na kisichoisha kitupwe kabla hakijachacha.

Kifaranga aliye peke yake hulia na huenda akakataa kula. Mtafutie mwenzake mmoja mpole wa umri wake. Lakini huyo naye akianza kudonoa, mwondoe.

Osha kidonda asubuhi na jioni, na funika boksi kwa chandarua. Katika joto la Kisumu mayai ya mainzi huweza kuanguliwa yakawa mabuu kwa muda wa siku moja. Ukiona mabuu, usaha, harufu mbaya au uvimbe, mpeleke kwa daktari wa mifugo, wala usinunue vidonge dukani kwa kubahatisha. Ikiwa matumbo yametoka nje, hapana tiba. Huruma ni kumchinja upesi asiendelee kuteseka.

KUMRUDISHA KATIKA KUNDI

Usimrudishe mpaka kidonda kimekauka na manyoya yameanza kukifunika. Kwanza mweke katika kitundu cha waya ndani ya kibanda kile kile kwa siku chache, ili waonane bila kugusana. Kisha mwachilie jioni giza liingiapo, yeye pamoja na yule mwenzake. Asubuhi amka mapema ukatazame.

KIDONDA NI HABARI

Baada ya kumtibu kifaranga, hapana budi kukitibu na kibanda. Kidonda ni habari iletwayo kwa mwenye kuku kwamba liko kosa. Jiulize maswali haya. Je, wamesongamana? Vifaranga wadogo ishirini wanatosha katika mita moja ya mraba, nao wakikua wapunguzwe. Je, paa la mabati limewachoma mchana? Weka nyasi juu yake, na fungua madirisha ya waya. Je, vyombo vya chakula na maji ni vichache, hata wanyonge hawafikii? Ongeza. Je, wana utitiri au chawa? Tazama chini ya mabawa. Je, umechanganya wakubwa na wadogo? Watenge.

Mwisho tazama chakula. Kuku walao pumba tupu hukosa chakula cha kujenga mwili, wakautafuta katika manyoya na damu ya wenzao. Watu wa kando ya ziwa wana bahati, kwa kuwa omena i karibu. Ichambue na kuiosha, maana mara nyingi ina mchanga. Ianike ikauke, itwange, na katika kila vikombe kumi vya chakula kikombe kimoja kiwe omena. Tena funga majani ya sukuma wiki kwa kamba, uyaning'inize wayafikie kwa kujinyoosha. Kuku mwenye kazi ya kudonoa majani hana haja ya kudonoa mgongo wa mwenzake.

Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Yeye amtoaye kifaranga mmoja mapema, akamwosha, akamtia joto, kisha akarekebisha kibanda, huwaokoa na wale ambao hawajadonolewa bado.