Sombe Imeungua, Simu Iko Mkononi

*Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Katuba. Nauza vitenge katika soko la komini ya Kenya. Kila kitenge kipya nakiweka WhatsApp, na wateja wa Likasi na Kolwezi huniagizia humo humo. Lakini sasa simu imenishinda. Usiku naamka kuitazama. Wiki iliyopita sombe iliungulia kwenye mbabula nami nimekaa kando yake. Binti yangu akitaka hela ya mkate hunitumia ujumbe kwa simu ya baba yake, eti ndipo namjibu haraka. Mume wangu anasema ni shetani wa Wazungu, niiuze ninunue ya batoni. Nikiiuza tutakula nini? Tena nina kundi la familia, la kanisa na la likelemba. Nikikosa tangazo la matanga, watasema nina kiburi.*
— Mama wa Katuba

Mama, pole na sombe. Simu usiiuze.

Papa wa nyumba ana haki ya kulalamika, ila shetani huyo si wa mbali: kobalti ya betri yake huenda ilichimbwa Kolwezi, ikapita hapa kwetu Lubumbashi kwa lori kwenda mpakani Kasumbalesa. Na simu hiyo ndiyo inayolisha nyumba. Shida yako ni kwamba duka, benki, kanisa na ukoo umeviweka vyote katika kifaa kimoja, kisha ukalala nacho kitandani. Nani asingeamka?

Nunua ya batoni, kweli, lakini iwe ya pili. Laini yako ya zamani ihamishie humo. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zote zinafanya kazi kwa kupiga kodi tu, bila mega hata moja, na anayekutafuta kwa haraka atakupata. Chaji yake hukaa siku kadhaa, jambo lisilo dogo katika mji ambao umeme wa SNEL huondoka bila kuaga. Kwenye simu kubwa tia laini nyingine ya kununulia mega. WhatsApp yako itabaki na namba ile ile wateja wanayoijua. Ikikuuliza kama umebadilisha namba, kataa.

Halafu simu kubwa iwe na saa za kazi kama meza yako ya sokoni. Ukifunga meza, nayo ifungwe. WhatsApp Business ni ya bure, na ina ujumbe unaojijibu wenyewe: "Soko limefungwa, nitakujibu asubuhi." Unaogopa mteja atahamia kwa mwingine? Mmoja wawili watahama, sikufichi. Lakini kitenge kilichoagizwa usiku wa manane hakitoki Lubumbashi kabla ya gari la asubuhi. Kumjibu mteja usiku hakukifikishi Kolwezi mapema. Kunakunyima usingizi tu.

Sasa matanga, maana naona hapo ndipo hofu yako ilipo hasa. Unakumbuka tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi? Serikali ilizima intaneti nchi nzima, na SMS zikafuata. Ilirudi karibu siku 20 baadaye, Januari 2019. Simuombei mtu yeyote siku zile: wafanyabiashara waliumia, na kuwafungia wananchi mdomo si dawa ya kitu chochote. Lakini watu walifariki katika siku hizo pia, na habari zilifika. Watu walipigiana simu, mtoto akatumwa kwa jirani, kanisani zikatangazwa. Basi andika leo katika kundi la familia: "Kukiwa na msiba, nipigieni." Mwombe wifi yako mmoja achukue jukumu hilo. Kisha zima sauti za makundi yote matatu. Mule ndani, tangazo moja la kweli limezikwa chini ya video za wachungaji na salamu za Jumatatu njema. Wewe mwenyewe unajua. Kwa likelemba, siku ya kutoa inajulikana. Huhitaji kuitazama kila saa.

Kuhusu binti, usimgombeze. Ametafuta njia ya kumpata mama yake, akaipata. Mwambie tu kwamba kuanzia chakula cha jioni simu kubwa inakaa kwenye droo ya sebuleni hadi asubuhi, na akikukuta nayo akunyang'anye. Kukuamsha, ya batoni inatosha.

Wiki ya kwanza mkono utaitafuta hata ukiwa unasonga bukari. Vumilia. Na jambo moja la mwisho: barua yako haikusema Papa naye hushika simu yake mpaka saa ngapi. Msomee jibu hili, kisha mwombe aweke yake katika droo hiyo hiyo.